Tupeane uzoefu: wanafunzi wa kutengeneza hereni, bangili na mikufu mnawapataje?

Habari zenu ndugu zangu. Nafundisha nyumbani kwangu Sakina, Arusha. Januari nilibandika matangazo kwenye nguzo na madukani, wakaja wawili, mmoja akaishia siku ya pili. Kazi naijua na naipenda, ila darasa tupu linaniumiza. Wenzangu mlianzaje?

Wa Ngaramtoni
Pole dada. Karatasi hazijawahi kuniletea hata mtu mmoja. Waliojaza darasa langu ni akina mama wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Niliomba nusu saa baada ya kikao chao, nikabeba shanga, uzi wa lastiki na mikasi. Sikuhubiri. Kila mama alitunga bangili yake, akaondoka ameivaa. Huko mtaani akiulizwa kanunua wapi, anajibu kwa fahari, "Nimetengeneza mwenyewe!" Wiki iliyofuata walikuja sita. Halafu kuna jambo sikulitegemea: ada wanakopeshana kwenye kikundi, kwa hiyo mtu haachi njiani ovyo, wenzake watamuuliza.

Wa Moshi
Mimi nililenga watalii, nikafungua Aprili. Masika yote nikakaa na shanga zangu! Sasa najipanga kuanzia Juni. Mgeni aliyeshuka Kilimanjaro miguu inamuuma, ana siku moja ya kupumzika kabla ya kwenda mbugani, anataka saa mbili tu na kitu cha kurudi nacho kwao. Nimezungumza na watu wa mapokezi kwenye nyumba za wageni, wao ndio wanaonielekezea. Wenyeji nawafundisha mchana, watoto wakiwa shule, na ada yao ni tofauti kabisa.

Wa Njiro
Maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya Themi. Keti utunge mbele za watu. Wanasimama kutazama mikono kuliko bidhaa.

Fundi wa mawe ya vito, Arusha
Msiwasahau vijana wanaojifunza kukata mawe, mfano pale Kituo cha Jemolojia. Wengi wanakata jiwe vizuri ila hawajui kulitia kwenye pete. Mimi nawaanzishia kufunga kwa waya bila moto, maana tanzanaiti ikipata joto la ghafla inapasuka, na hasara ya jiwe la mtu ni kubwa. Ninao wanne, wote wameletana.

Wa Sakina
Asanteni sana. Dada wa Ngaramtoni, umenifungua macho. Somo langu la kwanza lilikuwa majina ya koleo na aina za shanga, mtu anarudi kwake mikono mitupu! Jirani hapa kuna akina mama hukutana Jumapili baada ya ibada, nimeshampigia mwenyekiti wao. Watakuwa kama 20. Lastiki mita ngapi itatosha?

Wa Ngaramtoni
Bangili moja sentimita 30, pamoja na mkia wa kufungia. Beba mita 10, wapo watakaokosea wakaanza upya. Na shanga ziwe zenye tundu kubwa, mama zetu wengine macho yameanza kuchoka.