Kikundi cha Ukoo: Nyumba ya Babu Kabla ya Krismasi

Baba Mkubwa: Habari za jioni wanangu. Fundi amekuja kuangalia nyumba ya mzee. Nyufa ataziba kwa plasta, halafu rangi, halafu marumaru sebuleni. Tuanze kuchanga, Krismasi tukija Bukoba tuikute safi.

Kemi: Shikamoo baba mkubwa. Asante kwa kutusimamia 🙏🏾

Mugisha (Mwanza): Shikamoo baba. Hizo nyufa ni za tangu lile tetemeko?

Baba Mkubwa: Marahaba. Ndiyo, za 2016. Ule wa kwenye kona ya chumba cha bibi yenu, mkono unaingia.

Mugisha: Basi kona imeachana. Zile kuta mbili hazishikani tena, kila mmoja unasimama kivyake. Plasta itaficha ufa, haitashika ukuta.

Anko Deo: Mugisha, tofali zile ni za kuchoma, nene, mzee alizisimamia mwenyewe. Ngapi zilianguka mjini na ile ikabaki?

Mugisha: Ilibaki, anko, ila imeshaumia. Tofali ukilibebesha mzigo juu linavumilia miaka mingi. Ukilisukuma kwa ubavu halina nguvu, na tetemeko linasukuma kwa ubavu. Halafu pale katikati ya tofali ni udongo, siyo saruji. Lile la 10 Septemba lilikuwa la ukubwa wa 5.9. Kidunia ni la wastani tu. Lakini tulizika watu wasiopungua 17, mamia wakaumia, nyumba zaidi ya 2,000 zikaanguka. Ni kuta ndizo zilizoua watu.

Shangazi Koku (Fort Portal, Uganda): Waitu, anachosema ni kweli. Huku chini ya Rwenzori wazee bado wanautaja Machi 1966, walikufa zaidi ya watu 100. Februari 1994 ikatikisika tena. Bonde la Ufa ndilo hilo hilo, linatutikisa sote.

Byera: Tetemeko la 2008 nilikuwa Bukavu, Kongo. Jumapili asubuhi. Ng'ambo ya pili, Rusizi ya Rwanda, kanisa liliwaangukia watu wakiwa ibadani. Mpaka leo nikiingia jengo la zamani naangalia kwanza kuta.

Anko Deo: Hata Ihungo niliposoma mimi, lile la 2016. Majengo imara kuliko yote niliyoyajua, shule ikafungwa, ikabidi ijengwe upya. Na shule ya Nyakato nayo ilifungwa.

Baba Mkubwa: Sasa mnataka tubomoe nyumba ya baba yangu?

Mugisha: Hapana baba, nataka isimame. Kazi yenyewe ni hii. Tufungue bati, juu ya kuta zote tumwage mkanda wa zege wenye nondo, uzunguke nyumba nzima bila kukatika, uzifunge kuta pamoja. Kenchi zifungwe kwenye huo mkanda. Kona iliyoachana ifumuliwe, ijengwe upya kwa saruji na nondo za kuishonea. Na ile pembetatu ya tofali iliyo juu ya ukuta wa pembeni itolewe kabisa, tuweke mbao na bati. Hiyo ndiyo huanguka mwanzo, na iko juu ya kitanda cha bibi.

Kemi: Juu ya kitanda????

Shangazi Koku: Kaka, mama asilale humo tena. Hata leo.

Baba Mkubwa: Nimemwambia. Anasema chumba hicho alikaa na mzee, hahami.

Kemi: Baba mkubwa mpe simu niongee naye.

Byera: Wakati huo, mlioko nyumbani: ikitikisika mkiwa ndani ingieni chini ya meza imara. Msikimbilie nje mkipita kando ya ukuta, tofali huangukia nje. Mkiwa uwanjani bakini huko huko, mbali na nyumba.

Anko Deo: Mugisha, mkanda huo utamaliza pesa ya marumaru?

Mugisha: Yote, na rangi pia. Bora sakafu ya saruji mwaka huu.

Anko Deo: Basi mimi nachangia nondo. Marumaru yasubiri.

Kemi: Bibi amekubali!! Anahamia chumba cha mbele kwa Koku mdogo, ila kitanda chake kiende naye.

Baba Mkubwa: Kitanda tunakihamisha sasa hivi na vijana. Mugisha, Jumamosi saa nne fundi atakuwa hapa, umpigie kwa video umwelekeze mwenyewe. Yule hajawahi kufanya mkanda juu ya ukuta wa zamani, usimwachie akisie.

Mugisha: Sawa baba. Apige picha za kila kona kabla, ndani na nje, na asiguse plasta kwanza.