Tupeane uzoefu: baiskeli milimani, kuanzia masika hadi kipupwe

Mzururaji wa Soni
Wakuu habari za jioni. Leo nimepita Mombo nikakuta Fuso la kabichi limetoka kushuka Lushoto, tairi za nyuma zinafuka moshi, utingo anazimwagia maji. Nimekumbuka mbali. Sisi tunaopanda milima kwa baiskeli kwa kupenda tu, hatubebi mkaa wala majani ya ng'ombe, tupo wengi ila kila mtu anajifunza peke yake kwa kuchubuka magoti. Hebu tupeane uzoefu.

Naanza. Mombo hadi Lushoto ni kilomita kama 33, na unapanda karibu mita elfu moja. Kupanda ni pumzi tu, ukichoka unasimama unakula ndizi. Shughuli ni kushuka mwezi wa nne, mvua imenyesha usiku kucha, mawe yamedondoka kwenye lami, upande mmoja mwamba na upande mwingine korongo. Nilikuwa na baiskeli ya mtumba, breki za mpira, nimezishikilia tangu Soni. Kwenye kona moja nikasikia paa! Tairi la mbele. Nikalala na lami upande wa kushoto, kiwiko mpaka leo kina alama. Fundi alipotoa tyubu akanionyesha kiraka kimehama kabisa, solusheni imelainika inavutika. Rimu ilikuwa haigusiki kwa joto. Tangu siku hiyo sing'ang'anii breki. Nabana, naachia, nabana, naachia, na kabla ya Soni nasimama rimu zipoe.

Leteni na zenu. Njia ipi, msimu gani, ikawaje.

Mama Kabichi
Zile kona za Soni acha tu. Pole mkuu.

Fundi Spoki
Mkuu umesema kweli tupu. Naongezea la kwangu kama fundi. Matope mekundu ya Usambara yana mchanga ndani. Mvua ikinyesha, ule mchanga unakaa kati ya mpira wa breki na rimu, na mteremko mmoja tu unaweza kumaliza mpira uliokuwa mzima asubuhi. Sauti ukiisikia inakwaruza kama mtu anaparua sufuria, simama. Toa mpira, chokonoa mchanga kwa kisu, futa rimu, endelea. Wenye breki za diski msicheke, na nyinyi diski ikigusana na grisi au mafuta ya mnyororo imekwisha habari.

Mkazi wa Uyole
Huu uzi umenigusa. Nyinyi mnaogopa masika, mimi naogopa kipupwe. Ngoja niwasimulie.

Ilikuwa Julai. Tulikuwa watatu: mimi, binamu yangu, na kijana mmoja rafiki wa binamu aliyekuja likizo kutoka Dar. Tukaingilia Isyonje, huku Mbeya, tupande hadi uwanda wa Kitulo, tutokee Matamba, kesho yake tushuke Chimala. Wanaokujua kule wanaelewa. Kitulo ni juu ya mita 2,600. Watu wanapafahamu kwa maua, lakini maua ni ya wakati wa mvua, kuanzia Novemba. Julai unakuta majani makavu, upepo, na asubuhi umande umeganda mweupe hata majani ya viazi yanaungua.

Yule kijana alikuwa na nguvu balaa. Kwenye kupanda alituacha mbali, fulana moja, kaptula, jasho linamtiririka. Nikamwambia mdogo wangu vaa koti, akasema dada mimi nasikia joto. Tulipofika juu kabisa ukungu ukashuka, manyunyu yakaanza na upepo wa ubavuni. Ile fulana imelowa jasho, sasa inalowa na mvua. Akaanza kutetemeka. Tukampa sweta la binamu, tukaendelea, maana hapakuwa na nyumba wala mti wa kujikinga.

Baadaye nikaona ameacha kutetemeka. Nikafurahi, nikajua amepata joto. Nikamuuliza kitu, akajibu maneno hayaeleweki, ulimi mzito. Na mbele yetu ndiyo mteremko wa kwenda Matamba unaanza.

Simu inazima, naenda kuchaji. Nitarudi.

Mgeni Jijini
Dada usitufanyie hivyo! Ikawaje??

Kona Kali
Nimeweka kambi hapa, sitoki.

Mkeiyo wa Bondeni
Hamjambo majirani, mimi niko Kenya. Huku kwetu Iten iko karibu mita 2,400, baridi ya kupendeza, kila mtu anakimbia. Lakini shuka Tambach uende bonde la Kerio mwezi wa pili uone. Unatoka juu umevaa jaketi, chini jua linakuchoma hadi lami inanata kwenye tairi. Mbuzi wamelala katikati ya barabara kwenye kona. Wengi hushuka wakifurahia, maji yanawaishia chini, na kurudi juu ni ukuta mtupu. Mimi hushuka na maji chupa tatu na nauli ya matatu mfukoni. Na wakati wa mvua za Aprili siendi kabisa chini ya ule ukingo. Tuliona yaliyotokea Chesegon mwaka 2020, mlima ulishuka na watu.

Mwana Hanang
Hapo umenena. Baada ya maporomoko ya Katesh Desemba 2023 mimi mvua kubwa ikipiga siku mbili mfululizo sisogelei barabara iliyo chini ya mlima. Baiskeli inakaa ndani.

Kona Kali
Poleni sana. Mkazi wa Uyole yuko wapi lakini?

Mzee wa Vuli
Wakati tunamsubiri dada, mimi nasema msimu mzuri kuliko yote ni vuli. Vumbi limelala, majani mabichi, mvua inakuja mchana inaondoka.

Mnyalu Halisi
Vuli ya wapi? Huku nyanda za juu kusini mvua ikianza Novemba ni moja kwa moja hadi Aprili, Mei. Usiwashauri watu waje Mbeya na Makete Desemba wakidhani itakatika Januari. Watakwama kwenye tope la Makete.

Mzee wa Vuli
Mimi naongelea Tanga na Kilimanjaro, sijamwambia mtu aende Makete.

Mnyalu Halisi
Uzi unasema milimani, haujasema Tanga. Taja mahali unapotaja msimu, kuna watu wanafunga safari kwa kusoma hapa.

Mzee wa Vuli
Sawa, hilo nakubali. Vuli ya Usambara.

Mkazi wa Uyole
Nimerudi, samahanini.

Kijana akatangulia kushuka kabla hatujamzuia. Nikaona anabonyeza breki kwa kiganja, vidole havikunjiki. Baiskeli ikazidi kasi, kona ya kwanza akaipita kwa bahati, ya pili akaenda moja kwa moja mtaroni. Namshukuru Mungu ulikuwa mtaro wa upande wa mlima. Angeenda upande wa pili nisingekuwa naandika hivi.

Tulimkuta amekaa ndani ya mtaro, macho yako wazi, anataka kulala. Anasema niacheni nipumzike kidogo. Damu puani, lakini hajali. Tukamvua fulana, binamu akamkumbatia kifua kwa kifua, mimi nikasimama katikati ya barabara. Likaja lori la viazi linashuka taratibu na gia nzito. Dereva hakuuliza maswali, akamwingiza mbele kwenye injini penye joto, baiskeli zikalala juu ya magunia.

Matamba dereva akatupeleka kwa mama mmoja, jiko la kuni, mafiga matatu. Yule mama akamkalisha mbali kidogo na moto, akamviringisha blanketi na vitenge viwili, akampa uji wa moto wenye sukari nyingi kwa kijiko, kidogo kidogo. Alipoanza kutetemeka tena mama akasema, sasa amerudi. Akalia. Na mimi nikalia.

Kesho yake alipanda gari. Mimi na binamu tukashuka Hamsini na Saba, ile barabara ya kona nyingi, hadi Chimala. Asubuhi meno yanagongana, chini tukatafuta kivuli na maji baridi.

Mgeni Jijini
Nimesoma huku nimeshika shuka. Mungu ambariki huyo mama na dereva.

Konyo wa Makambako
Dada mngekuwa na kitu kikali kwenye chupa, funda mbili tu angechangamka. Au ulanzi, pombe yetu ya mianzi.

Nesi wa Zamu
Ndugu, usiwape watu ushauri huo. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, mtu anasikia moto usoni huku joto la ndani linatoka. Kwa aliyefikia hatua ya kuacha kutetemeka na kuongea ovyo, hiyo ni hatari ya kufa. Mama wa Matamba alifanya sawasawa: nguo mbichi zitoke, kiwiliwili kipate joto kwanza, asisuguliwe mikono na miguu, asibandikwe motoni, na kitu cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza. Kisha hospitali.

Konyo wa Makambako
Babu zetu walikunywa na hawakufa.

Mnyalu Halisi
Babu zetu walikunywa wakiwa ndani wamekaa na moto, siyo wakiwa juu ya baiskeli. Na ulanzi Julai unautoa wapi? Ulanzi ni wa mvua.

Konyo wa Makambako
Haya, nesi ameshinda. Uji basi.

Fundi Spoki
Kinga ni rahisi. Ukifika kileleni, kabla ya kushuka, vua fulana ya jasho vaa kavu. Gazeti kifuani chini ya koti linazuia upepo vizuri sana. Mikononi glavu za sufu, juu yake glavu za mpira za kuoshea vyombo.

Kona Kali
Mimi nilikuwa natumia mifuko ya plastiki miguuni, tangu ipigwe marufuku 2019 natumia pakiti za mkate.

Mhesabu Kona
Nitoke nje ya mada. Zile kona za Chimala nimezihesabu nikishuka, hazifiki 57.

Mkazi wa Uyole
Hesabu ukipanda, mdogo wangu. Ukipanda hakuna kona itakayokupita.

Kibo Huru
Je, Kilimanjaro baiskeli zinaruhusiwa? Kuna mtu kaniambia ni marufuku kabisa.

Mzee wa Vuli
Zinaruhusiwa njia ya Kilema, siyo Marangu wala Machame. Ulizia getini taratibu na ada kabla hujasafiri. Kama unataka vya bure, barabara za vijijini Marangu na Mamba zinatosha, migomba na mifereji pande zote. Ila masika ule udongo unateleza hata kwa kutembea.

Kibo Huru
Asante mzee wangu. Na upepo wa tairi kwenye utelezi, nijaze sana au nipunguze?

Mzururaji wa Soni
Punguza. Tairi laini linashika.

Fundi Spoki
Punguza kiasi, siyo mpaka rimu igonge jiwe. Bonyeza kwa kidole gumba, liingie kidogo. Na ukirudi kwenye lami jaza tena, kwa hiyo usiache pampu nyumbani.

Mgeni Jijini
Dada wa Uyole, yule kijana bado anaendesha?

Mkazi wa Uyole
Anaendesha. Mwaka uliofuata alikuja Januari kuona maua, kabeba makoti mawili na zawadi ya kitenge kwa yule mama.