Tupeane uzoefu: sayansi ya anga ilipokutana na imani yako

Mwanzisha mada
Assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na salamu kwa wote.

Naanza na langu. Tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa, wilaya ya Mbarali, siku jua lilipopatwa likabaki pete. Wakati huo nafundisha jografia, nikawapeleka wanafunzi wangu, kila mmoja na miwani yake ya kutazamia. Saa ya kuanza na dakika ya kutimia tulikuwa nazo kwenye karatasi tangu wiki iliyotangulia. Kuelekea saa sita mchana mwanga ukafifia kama wa chemli inayoishiwa mafuta, kukapoa, na chini ya mti mianya ya majani ikamwaga vijimwezi vidogo vidogo ardhini. Pete ilipotimia watoto walipiga kelele. Mimi machozi yalinitoka.

Wachache wetu tulijipanga kando tukaswali swala ya kupatwa jua: rakaa mbili, kila rakaa na rukuu (kuinama) mbili, kisomo kirefu. Baadaye mwanafunzi akaniuliza, "Mwalimu, kama ulijua litapatwa na litaachiwa, uliswali ili iweje?"

Nikamsimulia kwamba jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (SAW), na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume akakataa. Akawaambia jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kuzaliwa kwake. Mkiona hivyo, swalini. Swala yangu haikuwa ya kulirudisha jua. Nilijua litarudi, na bado magoti yalitaka kwenda chini.

Leteni yenu. Tusibishane dini ipi ni ya kweli, semeni yaliyowapata wenyewe.

Mtoto wa mvuvi, Pemba
Marehemu baba hakusoma falaki (elimu ya mwendo wa jua, mwezi na nyota), ila bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) vilimwambia mwezi ulipo hata mbingu ikiwa na mawingu. Kila tarehe 29 Shaabani alikuwa pwani, uso magharibi, kuutazama mwezi wa Ramadhani. Mwaka mmoja nimetoka chuo nikamwambia, "Baba, leo usijisumbue, mwezi utatua kabla ya jua." Akanijibu, "Najua mwanangu, hata maji yamesema. Lakini nimeamrishwa kutazama." Nikakaa naye mpaka giza. Hatukuona kitu, na sikumbuki jioni nzuri kuliko ile.

Mama wa watoto wawili
Kwangu falaki haijamaliza tabu. Mume wangu anafuata mwezi ukionekana popote duniani, mimi nafuata wa hapa kwetu. Tumewahi kula Idi mbili nyumba moja, watoto wakauliza leo tumefunga au tumefungua? Hesabu za mwandamo sote tunazo kwenye simu na hatuzibishanii. Tunachobishania ni ushahidi wa nani unatubana, na hilo darubini haiwezi kulijibu. Mwaka ule nilipika pilau siku ya Idi yake huku mimi nimefunga. Iliniuma, nasema kweli.

Mwalimu wa fizikia, Bukoba
Mimi Mkatoliki. Mwaka wa pili chuo niliacha kwenda misa, nikiamini aliyeelewa mlipuko mkuu (Big Bang) ulioanzisha ulimwengu hana haja tena na kitabu cha Mwanzo. Padri wa parokia hakunigombeza, aliniuliza tu kama namjua aliyependekeza wazo lile. Sikujua. Ni Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka. Nilipomsoma nikakuta hata yeye hakupenda nadharia yake igeuzwe ushahidi wa uumbaji. Alitaka fizikia ibaki fizikia. Hapo ndipo niliporudi kanisani, bila kubeba ushahidi wowote.

Mtoto wa mvuvi, naomba kukuuliza: baada ya mzee kuondoka, tarehe 29 Shaabani wewe bado unashuka pwani?

Mtoto wa mvuvi, Pemba
Nashuka, mwalimu. Siku hizi na mwanangu wa kike.