Mjadala: Nguzo za makaa chini ya eMalahleni, zijazwe majivu au zichimbwe upya?

Mleta mada
Wakuu, eMalahleni (zamani Witbank), Afrika Kusini, imekaa juu ya migodi ya makaa iliyofungwa zamani. Nguzo za makaa ziliachwa zishike dari kati ya vyumba vilivyochimbwa. Leo ardhi inatitia, kuna maeneo moto unawaka chini, na maji ya tindikali yanaelekea Mto Olifants. Wengine wanataka vyumba vijazwe majivu ya mitambo ya umeme. Wengine wanasema fukua juu, toa nguzo zote, sawazisha ardhi. Mimi nasema palipo na nyumba, jaza. Anayepinga alete hesabu.

Mhandisi wa miamba
Tarehe 21 Januari 1960 nguzo za mgodi wa makaa wa Coalbrook, Afrika Kusini, ziliporomoka, wachimbaji 435 wakafa. Mwaka 1967 watafiti Salamon na Munro wakatoa kanuni: uimara wa nguzo, kwa megapaskali (kipimo cha mkazo), ni 7.2 mara upana kwa kipeo cha 0.46, gawanya kwa kimo kwa kipeo cha 0.66. Chukua kina cha mita 60, nguzo ya mita 8 kwa 8, vyumba vya upana wa mita 6, kimo mita 3. Uimara ni kama 9.1, mzigo 4.6, kwa hiyo uwiano wa usalama (uimara gawanya kwa mzigo) ni karibu 2. Salama kabisa.

Sasa makaa yamemeguka mita 1 kila upande, kwa hali ya hewa au kwa watu wanaoiba makaa usiku. Nguzo imebaki mita 6. Uimara unashuka hadi 7.9, mzigo unapanda hadi 8.2. Uwiano umeshuka chini ya 1! Mita moja tu. Kwa hiyo anayetoa kibali cha ujenzi kwa ramani ya siku mgodi ulipofungwa anahatarisha watu.

Jambo jingine: nguzo ikiwa imara, dari ya chumba bado inaweza kubomoka kidogo kidogo mpaka juu. Kifusi kikivimba kwa asilimia 30, chumba chenye kimo cha mita 3 hujifunga baada ya dari kubomoka mita 10 hivi kwenda juu. Kwenye makutano ya vyumba kifusi husambaa pembeni na maji hukisomba, hivyo shimo hupanda zaidi ya hapo.

Mtetea kuchimba upya
Mkuu, hesabu yako inanisaidia mimi. Nguzo zinazooza zitoe, tatizo liishe. Ukijaza, unamwachia mjukuu wako kazi ya kukagua.

Mtu wa maji
Haliishi, ndugu yangu. Ukifukua, hewa inaingia vyumba vya zamani na makaa yanajiwasha yenyewe. Ndiyo maana dari hulipuliwa kwanza ijae vyumbani, uso unafunikwa udongo, na joto la kila tundu hupimwa kabla ya kutia baruti. Kisha unabaki na kifusi kilichovunjika chenye piriti (madini ya chuma na salfa yanayozaa tindikali), na kila mvua inapita humo. Kifusi hicho hutoa tindikali zaidi kuliko mgodi uliojaa maji mpaka darini, maana humo oksijeni haifiki. Kibaya zaidi ni mgodi uliojaa nusu, maji yakipanda na kushuka. Mtambo wa kusafisha maji ya migodi hapo eMalahleni ulianza 2007 na lita milioni 25 kwa siku. Hiyo si kazi ya kumaliza mwaka ujao.

Majivu nayo yapimwe kwanza, maana yana chumvi na boroni. Uzuri wake ni ualkali, unapunguza tindikali.

Mleta mada
Nakubali yapimwe. Kwa vipimo vya mhandisi, asilimia 67 ya eneo ni uwazi: hekta moja ni kama mita za ujazo 20,000, na majivu makavu ya kiasi cha tani 20,000. Utaratibu: choronga hadi kwenye makutano, shusha kamera uone kimo halisi, jenga vizuizi mpakani ili tope la majivu na maji lisikimbilie kwa jirani, sukuma tope zito lisiloachia maji mengi, rudi ujaze pengo la juu tope likishatulia. Wengi huruka hatua hiyo ya mwisho. Hapo nguzo imeshikwa ubavuni, ila dari haijashikwa, na mashimo yanaendelea.

Msomaji wa Mbeya
Kwetu mgodi wa chini wa Kiwira ulizinduliwa 1988, wa tani 150,000 kwa mwaka. Tudai nini kabla haujafungwa?

Mhandisi wa miamba
Upimaji wa kila nguzo kwa koordineti, nakala serikalini na kijijini. Alama za kupimia kutitia ziwekwe juu sasa, ili kuwe na kipimo cha mwanzo. Na dhamana ya fedha iliyokokotolewa kwa kusafisha maji miaka mingi. Ikikokotolewa kwa kupanda miti tu, wanakijiji waikatae.