Makumbusho hapa Lindi mnatuharibia sinema bubu, nimevumilia nimechoka

Wakuu, jana usiku nimetoka pale nikitetemeka kwa hasira. Siwataji, wenyewe wanajijua.

Tangazo lilisema The Kid ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1921, kiingilio elfu tatu. Nikampeleka bibi. Yeye mpaka leo anamwita Chale, alimwona ujanani gari la sinema lilipokuwa likipita vijijini. Kavaa khanga mpya kabisa.

Kwanza spidi. Watu kwenye picha wanakimbia kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Enzi zile kamera ilizungushwa kwa mkono, picha 16 hadi 20 na kidogo kwa sekunde. Ukiichezesha kwa 24 za filamu ya sauti bila kurekebisha, lazima uharibu. Mtu wa makumbusho hajui hilo?

Halafu muziki. Kuna pale mtoto anachukuliwa kwa gari kupelekwa kituo cha yatima, analia, kanyoosha mikono, Chaplin anakimbia juu ya mapaa kumfuata. Ukumbi mzima umenyamaza. Wao wakaweka singeli! Singeli, jamani, mtoto analia! Sinema bubu hazikuonyeshwa kimya, kulikuwa na mpiga piano ukumbini, kwingine okestra nzima. Chaplin mwenyewe aliitungia hii muziki alipoitoa upya miaka ya 70.

Kilichoniuma zaidi ni maandishi. Yote Kiingereza. Kila yakitokea bibi ananivuta mkono: "Wanasemaje hapo, mjukuu wangu?" Nikimsomea, kijana wao ananimulika tochi ya simu usoni, eti ninapiga kelele. Kibanda umiza cha kuonyesha video mtaani kinajua kwamba watu wanataka kutafsiriwa, sisi tumekulia kwenye sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu. Japani walikuwa na wasimuliaji wao, benshi, wanasimama kando ya skrini, na watu walilipa kwenda kuwasikia. Nyie mnamfukuza anayemsomea bibi yake!

Zikabaki kama dakika kumi, projekta ikazimwa. Muda umeisha, wakasema.

Kwenye bajaji bibi akaniuliza, "Yule mtoto alimpata mama yake?" Nikamsimulia mwisho wote gizani, mpaka mlangoni kwake.

Jumamosi wametangaza nyingine. Kusoma maandishi kwa Kiswahili nipo tayari, bure, na mpiga zeze nitamleta mimi. Nataka wanijibu hapa hapa, kabla ya Ijumaa.