Mnamjua fundi huyu: eti "kalia tu, italainika yenyewe"

Jamani, nimechemka. Yule fundi wa kibanda cha mabati pale kona, mnamjua nyote, ameniletea kochi langu la mvule leo. Nimepitisha kiganja kwenye mkono wa kochi, kibanzi hicho kidoleni. Namuonyesha damu, ananitazama machoni: "Mama, kalia tu, italainika yenyewe."

Italainika yenyewe! Kwa makalio yangu? Mimi ndiye msasa?

Mvule, mbao ya pesa! Amepiga msasa namba 60, ule mkali wa kukwaruza, tena kwa kukata nyuzi za mbao badala ya kuzifuata, akamwagia vanishi. Hakupanda 120, hakufika 180 iliyo laini, vumbi hakufuta, limegandia humo humo. Ukiligusa ni ulimi wa paka. Buibui la mkwe wangu limenasa, nusura aondoke na kochi zima mpaka Kisauni. Vanishi ya kwanza ikikauka nyuzi husimama, wapitisha msasa mwembamba, wafuta, wapaka tena. Hata kijana wa kufagia karakana ajua hilo. Yeye? "Kalia tu."

Kalia tu!!

MwanaTudor: Huyo huyo! Kitanda changu kimekula shuka zote.

Kachumbari: Bi mkubwa, ulimlipa ngapi? Watu mwataka kioo kwa bei ya kuni.

Mama wa kochi: Nimelipa yote, na vanishi nimenunua mimi! Halafu niambiwe nikalie?

Seremala Likoni: Mimi ni fundi. Vumbi la mvule lawasha pua na ngozi, karatasi za msasa zaziba upesi, na siku ya kupiga msasa mteja hataki kuilipia. Lakini kukata nyuzi, hapo hana la kujitetea.

Babu Terazo: Afadhali nyie wa mbao. Wangu alisaga sakafu ya terazo, ile ya saruji na vijiwe, kwa jiwe moja la kukwaruza, matundu hakuziba kwa saruji, akapaka nta. Tope lote akalimwaga mtaroni.

Jirani Mwema: Kumbe ni wewe! Tope lile limeganda, mtaro umeziba, mvua ikinyesha twalala juu ya meza.

Mama wa kochi: Jamani, kochi langu! Kaniambia nikalie!

Kachumbari: Mwalilia mtaro na maji ya mfereji hakuna? Wa mkokoteni kapandisha tena bei ya mtungi.

MwanaTudor: Kwenu pia? Huku yatoka usiku tu, tena ya chumvi.

Jirani Mwema: Yametoka sasa hivi huku, leteni mitungi.