Tupeane uzoefu: Zamu ya peke yako kisiwani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni muuguzi katika visiwa vya Lamu, zahanati ya mtu mmoja. Wiki iliyopita mwenzangu wa kijiji cha pili ameacha kazi. Mshahara ulikuwa unachelewa, ndiyo, lakini mwenyewe aliniambia kilichomshinda ni upweke.

Namwelewa. Mwaka juzi, usiku wa Ramadhani, mama mmoja alijifungua salama kisha damu ikakataa kukoma. Nikamchoma oksitosini ya kuzuia damu, nikamkanda tumbo, wapi. Rufaa ni Lamu mjini. Boti ya wagonjwa ipo, haina mafuta. Mvuvi jirani akatoa dumu lake la lita 20. Kufika mkondo wa Mkanda, maji yamekupwa, boti ikakaa juu ya matope kati ya mikoko. Mkono mmoja nakanda tumbo, wa pili nimeinua chupa ya dripu, mumewe anasoma Yasin, tunangoja maji yajae. Alhamdulillahi alipona. Asubuhi nikarudi na boti ile ile kwa sababu akina mama wa kliniki walishajaa barazani na watoto wao. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyepiga simu kuniuliza kama nimelala.

Tangu ugatuzi wa 2013, kutuajiri na kutulipa ni kazi ya kaunti. Ukiuliza mshahara, kaunti wanasema pesa hazijatumwa, serikali kuu wanasema zilishatumwa. Basi naomba mnisimulie: nani aliwahi kukushika mkono kazini, na alifanya nini hasa?

*Mkunga mstaafu, Malindi*
Pole sana mwanangu. Mimi nakumbuka 2017. Madaktari walimaliza mgomo wa siku 100 mwezi wa Machi, sisi wauguzi tukaanza wetu Juni hadi Novemba. Nikienda sokoni nakutana na wanawake niliowazalisha, wananiuliza, "Mama, mmetuacha?" Nilikuwa narudi nyumbani nalia. Na bado nasema tulikuwa na haki. Walionishika mkono ni wenzangu wa chama, waliokuwa wakichangiana unga.

*Mhudumu wa afya ya jamii, Lamu*
Sisi tulipewa mikoba mwaka 2023, na mashine ya presha na ya sukari. Posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Nusu moja ikija, ya pili unaisubiri. Vijiti vya kupimia sukari vikiisha mashine ni pambo. Kazi ngumu zaidi ni kuandikisha watu SHA, bima ya afya ya serikali. Mvuvi hana payslipu, anatakiwa alipe mwaka mzima kwa mkupuo, na kima cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Msimu wa kusi bahari haiendeki, atazitoa wapi? Hasira zake ananimalizia mimi mlangoni.

*Afisa wa kliniki, visiwani*
Dada, mimi nilishikwa mkono. Nilikuwa nimefanya miezi minne bila kupumzika, nikaanza kukosea hesabu za dozi za watoto. Msimamizi wetu akaja na boti ya mizigo, sanduku la chanjo mapajani. Akalisoma daftari langu la zamu kurasa zote, kimya. Kisha akasema, "Nenda kalale, mimi nipo." Alikaa siku mbili, akahudumia wagonjwa kwa mkono wake. Aliporudi alituita zahanati tatu za jirani, tukapanga kupokezana: wiki tatu kisiwani, wiki moja nyumbani, na anayepumzika hapigiwi simu. Hakuomba hata shilingi ya bajeti. Sijafikiria kuacha kazi tangu siku hiyo.

*Muuguzi wa visiwani*
Kaka, zahanati tatu hata huku kwetu zipo. Naomba ulipige picha daftari hilo la kupokezana unitumie. Alhamisi msimamizi wetu anakuja na chanjo, nataka aikute mezani.